Nyumba Mpya na Hesabu ya Stima: Jinsi ya Kusoma Tathmini ya Nishati Kabla ya Kuchimba Msingi

Anayejenga Kisumu siku hizi hukutana na maneno "tathmini ya nishati" kwa njia mbili. Ama ni benki inayozungumzia mkopo wa nyumba za kijani, yaani zinazotumia nishati na maji kidogo, ama ni ndugu aliye Uingereza, anayetuma pesa za mjengo na kuuliza mbona ramani haina gredi. Ndugu huyo ana sababu. Kule alipo, kila nyumba mpya hufanyiwa hesabu ya nishati mara mbili, kwanza kwenye michoro, kisha inapokamilika, na hupewa cheti chenye herufi kuanzia A hadi G. Hapa Kenya nyumba ya familia haidaiwi cheti cha namna hiyo. Kanuni za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 zinalazimisha ukaguzi kwa viwanda, hoteli na majengo yanayotumia zaidi ya yuniti 180,000 za stima kwa mwaka, na nyumba ya vyumba vitatu kule Mamboleo, mtaa wa Kisumu, haifiki hata karibu.

Hata hivyo hesabu hiyo ina faida hata pasipo sheria, mradi ujue inasema nini. Mtathmini huchukua ramani yako, akaiingiza kwenye kompyuta pamoja na hali ya hewa ya mji wako, kisha kompyuta ikalinganisha nyumba hiyo na nyumba nyingine ya kubuni iliyojengwa kwa mtindo wa kawaida wa hapo. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo inayoandikwa kwenye ripoti. Ukishaelewa hilo, utaisoma ripoti yoyote, iwe ya Ulaya au ya hapa.

Hatua ya kwanza: agiza hesabu ramani ikiwa bado inafutika

Kuigeuza nyumba nzima ili ubavu wake mrefu utazame kaskazini na kusini ni kazi ndogo mezani kwa msanifu. Kaunti ikishapiga mhuri, kuhamisha dirisha kubwa moja kunaweza kukurudisha kwenye foleni ya idhini. Slabu ikishamwagwa, shauri limekwisha. Kwa hiyo mwite mtathmini mchoro wa awali unapokuwa tayari, kabla mhandisi hajaanza kupanga nondo na kabla BQ, yaani orodha ya kazi na vifaa vyote vya mjengo pamoja na bei zake, haijaandikwa.

Programu inayotumika zaidi kwa kazi hii nchini ni EDGE, iliyotengenezwa na IFC, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na sekta ya binafsi. Kuitumia mtandaoni ni bure. Kinacholipiwa ni cheti. Mabweni ya wanafunzi ya Qwetu jijini Nairobi yalipata cheti hicho, na kampuni ya Acorn inayoyajenga ilitoa hatifungani ya kwanza ya kijani nchini mwaka 2019 kwa ajili ya ujenzi wa namna hiyo. Kwa mtu anayejenga nyumba moja ya kuishi, naona cheti si lazima. Hesabu yenyewe, ikifanywa na msanifu anayeijua programu, inatosha. Cheti kina maana pale unapojenga nyumba kumi za kuuza, au benki inapokupunguzia riba kwa sababu yake.

Hatua ya pili: kusanya karatasi, na uhakikishe kaskazini iko kaskazini

Mtathmini atataka mchoro wa ploti, ramani ya sakafu, michoro ya pande zote nne, mchoro wa mkato unaoonyesha urefu wa kuta na umbo la paa, pamoja na orodha ya milango na madirisha yenye vipimo. Atauliza ukuta ni wa nini na una unene gani, paa ni mabati ya rangi gani, dari ni ya nini, maji yatapashwa moto kwa njia gani, na ni watu wangapi watakaolala humo. Usimjibu kwa kubahatisha. Ukimwambia "watu watatu" na kila likizo nyumba inajaa wapwa na mashemeji, hesabu ya maji moto itakuwa ya nyumba nyingine.

Jambo linalopuuzwa kuliko yote ni mshale wa kaskazini. Ramani nyingi zinazouzwa zikiwa tayari zilichorwa bila kujua ploti ya nani, na mshale huwekwa pale palipo na nafasi kwenye karatasi. Nenda mwenyewe na dira ya simu. Simama katikati ya ploti, mbali na gari, lango la chuma na rundo la nondo, maana chuma huipotosha dira. Kisha linganisha na mchoro. Ikiwa mshale umekosewa kwa robo duara, kila kitu ambacho ripoti itasema kuhusu jua kitakuwa kimekosewa pia, na hakuna namba itakayokuonya.

Hatua ya tatu: uliza asilimia ni ya nini

Tuseme ripoti imekuja, na juu kabisa imeandikwa kwamba nyumba yako itaokoa asilimia 28 ya nishati. Kiwango cha chini cha EDGE ni asilimia 20 kwa mambo matatu: nishati, maji, na vifaa vya ujenzi. Basi umefaulu? Bado hujui. Fungua ukurasa wa taarifa zilizoingizwa kabla hujasoma matokeo. Ikiwa pale pameandikwa paa jeupe nawe umeshalipia mabati ya rangi ya makaa, ripoti hiyo si ya nyumba yako.

Kisha kuna jambo ambalo huwachanganya wengi. Nyumba isipowekewa kiyoyozi, EDGE bado hukadiria nishati ambayo ingehitajika ili waliomo wasisumbuliwe na joto, na huihesabu kama matumizi ya kinadharia. Kwa mji kama Kisumu kiasi hicho kinaweza kuwa kikubwa. Ukiboresha paa, kinapungua, na asilimia yako inapanda. Hiyo ni haki kabisa, maana joto limepungua kweli. Lakini hutaiona akiba hiyo kwenye tokeni za stima unazonunua, kwa sababu hukuwa na kiyoyozi cha kuzima. Utaiona usiku unapolala bila kujipepea. Mwombe mtathmini azitenganishe namba hizo mbili: stima nitakayolipia, na joto nitakaloepuka. Anayeshindwa kuzitenganisha huenda hajaielewa programu yake.

Hatua ya nne: paa, ukuta wa magharibi na upepo wa ziwa

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi, maana ripoti ya nyumba ya Kisumu hufa au kupona juu ya mambo haya.

Kisumu iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, kwenye mwinuko wa mita 1,130 hivi. Jua la adhuhuri hupita karibu utosini mwaka mzima. Siku ya anga safi, kila mita ya mraba ya paa hupokea takriban wati 1,000 wakati huo. Paa la mita za mraba 120 basi hupokea kilowati 120, sawa na shawa za stima 24 zikiwashwa kwa pamoja. Swali ni kiasi gani kinaingia ndani. Mabati meusi au ya rangi ya makaa hufyonza sehemu kubwa sana ya mwali huo. Meupe yakiwa mapya hurudisha sehemu kubwa angani. Rangi ya makaa imekuwa fasheni, nami naikubali kwamba inapendeza, ila kwa mji huu ndiyo chaguo la bei ghali kuliko yote ambalo halina bei kwenye BQ.

Kwenye ripoti tafuta kipimo cha U cha paa. Ni kiasi cha joto, kwa wati, kinachopita kwenye mita moja ya mraba iwapo ndani na nje zinapishana kwa nyuzi moja. Namba ndogo ni bora. Ndugu wa Uingereza atakuambia kwao paa jipya halivuki 0.16. Mwache. Kule wanalinda joto lisitoke kwa miezi ya baridi, wakaziba kila upenyo na hata kupima uvujaji wa hewa kwa feni. Ukiijenga nyumba hiyo Nyamasaria, hapa Kisumu, bila mashine ya kupooza hewa, umejijengea tanuri. Kwetu kinachotakiwa ni rangi nyepesi, foili ya kurudisha joto chini ya mabati, dari, na nafasi ya hewa kati yake yenye matundu ya kutolea hewa moto kwenye pembe za paa. Hayo manne kwa pamoja yanashinda sponji nene iliyonunuliwa kwa pesa nyingi na kuwekwa juu ya dari isiyopumua.

Baada ya paa njoo kwenye kuta. Kwa sababu tuko ikweta, ukuta wa kaskazini na wa kusini ni rahisi kuukinga. Hata mwezi wa Juni na Desemba, jua linapokwenda mbali zaidi, adhuhuri huinama nyuzi 23 na nusu tu kutoka utosini. Ikiwa kutoka ukingo wa paa hadi chini ya dirisha ni mita 2.1, paa likitokeza sentimita 90 hivi linatosha kulitia dirisha lote kivulini wakati huo. Paa nyingi zetu hutokeza sentimita 60. Tofauti ni sentimita 30, na fundi hatazikumbuka isipokuwa zimeandikwa.

Ukuta wa magharibi ni habari nyingine. Saa kumi na moja jioni jua huwa limebaki nyuzi kama 25 juu ya upeo. Dirisha la kimo cha mita 1.5 lingehitaji paa lililotokeza zaidi ya mita tatu ili likae kivulini. Hakuna anayejenga hivyo, ila akiweka veranda. Na ukuta wenyewe, ukiwa wa mawe au bloku za milimita 200, hulimeza joto la jioni na kulitoa ndani saa kadhaa baadaye. Weka kiganja kwenye ukuta wa chumba cha magharibi saa tatu usiku, utauhisi una uvuguvugu. Ndiyo maana vyumba vya kulala havifai upande huo. Weka stoo, bafu, ngazi, hata jikoni ikibidi.

Sasa ugumu wenyewe: upepo wa alasiri Kisumu hutoka ziwani, yaani upande uleule wa magharibi na kusini-magharibi. Unakotaka kufungulia hewa ndiko jua linakopiga. Programu haitakuamulia hili. Nyingi hutumia data ya mji mzima na hazijui kama ploti yako iko juu Riat au imebanwa na ghorofa za majirani. Ninaloliona likifanya kazi ni veranda yenye kina upande wa ziwa, nyuma yake madirisha yasiyo mapana sana, na upande wa pili wa chumba hichohicho au wa sebule iliyo wazi madirisha makubwa ya kutolea hewa. Upepo huhitaji pa kuingilia na pa kutokea. Chumba chenye dirisha moja tu, hata liwe la ukuta mzima, hakipigwi na upepo.

Kagua pia aina ya madirisha yaliyoingizwa. Dirisha la alumini la kuteleza hufunguka nusu tu; la bawaba hufunguka lote. Mtathmini akihesabu eneo lote kuwa wazi ilhali umeweka ya kuteleza, ametia upepo mara mbili ya ule utakaoupata. Halafu ongeza wavu wa mbu, ambao hupunguza upepo zaidi, na Kisumu, nchi ya malaria, wavu hauondolewi. Kwa hiyo dirisha la bawaba lenye wavu ndilo la kuandika.

Nakuru usiibebe hesabu hii. Mji ule uko kwenye mita 1,850 hivi, na usiku wa Julai baridi yake huingia kwenye mifupa. Kule Kiamunyi au Lanet, jua la asubuhi ni rafiki: chumba cha kulala cha mashariki kinafaa, ukuta mzito unaohifadhi joto la mchana unafaa, na dari ni ya lazima kwa sababu joto hutoroka kupitia mabati usiku. Onyo moja tu. Watu huziba matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha kwa magazeti wakati wa baridi, kisha wakaingiza jiko la makaa ndani. Moshi usioonekana wa makaa huua watu wakiwa usingizini. Ripoti ikipendekeza kupunguza uvujaji wa hewa, maana yake ni mwanya chini ya mlango na pembezoni mwa fremu. Matundu yaache, na jiko la makaa libaki nje.

Hatua ya tano: maji moto, mahali tokeni inapokwenda

Kwa nyumba isiyo na kiyoyozi, mstari mkubwa kuliko yote kwenye upande wa stima huwa ni maji moto. Fanya hesabu mwenyewe. Shawa ya kilowati 5, watu watano, kila mmoja dakika sita: ni nusu saa kwa siku, yaani yuniti 2.5, yaani 75 kwa mwezi. Tangu mabadiliko ya bei ya mwaka 2023, nafuu kubwa zaidi ya stima ya nyumbani huishia kwenye yuniti 30 kwa mwezi, na ngazi inayofuata huishia 100. Shawa peke yake imekupandisha ngazi kabla hujawasha friji.

Mtambo wa jua wa lita 200 hupasha maji kutoka nyuzi 20 hadi 50 kwa nishati ya takriban yuniti 7, zote za bure. Ripoti inapaswa kuonyesha ukubwa wa tangi, sehemu ya maji itakayopashwa na jua, na njia ya akiba siku za mawingu. Ikiwa imeandikwa asilimia 100 kwa jua, uliza Julai ya Nakuru itakuwaje. Na kama maji yako ni ya kisima yenye chumvi, mwambie muuzaji kabla ya kulipa, ili akupe mtambo ambao maji hayo hayapiti moja kwa moja kwenye paneli.

Friji nayo isisahaulike. Lebo ya nyota iliyobandikwa mlangoni ilitokana na kanuni za mwaka 2016, na nyota nyingi ni matumizi madogo. Taa za LED siku hizi ziko kila mahali, kwa hiyo mtathmini anayekusifia akiba ya taa hajakuambia jambo jipya.

Hatua ya sita: vifaa vya ujenzi

Stima yetu nyingi hutoka kwenye mvuke wa ardhini, maji na upepo, ambavyo havitoi hewa chafu nyingi. Mtambo wa stima ya maji wa Sondu Miriu wenyewe uko kaunti ya Kisumu. Kwa hiyo anayejali hewa chafu zaidi ya bili atazame saruji, na matofali yanayochomwa kwa kuni. Matofali ya kufungamana ya udongo na saruji kidogo, yanayoshindiliwa kwa mashine bila kuchomwa, hupandisha alama hapa kwa haraka. Yapimwe nguvu kwanza, na udongo uwe wa kufaa: ule mweusi wa mfinyanzi wa nyanda za Kano haufai.

Hatua ya saba: ripoti iingie kwenye BQ, kisha ukague

Kila kilichokupa alama kwenye hesabu lazima kiwe na mstari wake kwenye BQ, chenye kipimo. "Paa litokeze sentimita 90." "Foili chini ya mabati, na nafasi ya milimita 25 upande unaong'aa." "Madirisha ya bawaba." Kisichoandikwa hakitajengwa, na fundi hana kosa. Atakuuliza, "Mama, hii karatasi ya fedha ni ya nini na mvua haiingii?" Mweleze. Foili hufanya kazi kwa kurudisha mwali, na hilo huhitaji hewa mbele ya upande wake unaong'aa. Ikibanwa kati ya mabati na mbao pande zote, joto hupita kana kwamba haipo. Upande unaong'aa utazame chini, kwa sababu ukitazama juu vumbi huufunika.

Fika mjengoni siku tatu ambazo hazirudiwi: siku ya kupima pembe za msingi, ukiwa na dira yako, siku ya kukata mbao za paa, ukiwa na futi, na siku kabla ya dari kufungwa. Kontrakta akibadilisha kitu kwa sababu kimekosekana dukani, mwarifu mtathmini siku hiyohiyo aingize badiliko na kukuambia limekugharimu alama ngapi. Mengine ni madogo, yaache yapite. Rangi ya paa si dogo.

Anayetafuta cheti kamili cha EDGE ajue kinatolewa kwa awamu mbili, cha awali kwa michoro na cha mwisho baada ya ujenzi, na mkaguzi wa awamu ya pili hudai ushahidi: risiti, lebo, na picha za kila kilichofichwa. Foili, nafasi ya hewa na mabomba ya maji moto vipigwe picha kabla fundi wa dari hajapanda ngazi, maana baada ya hapo njia ya kuvionyesha ni kubomoa.